Kugeuza Makali

Kisu chenyewe kifupi, hakizidi kiganja na ukucha,
kilikatwa kwenye msumeno mkuukuu wa karakana ya reli
na mtu ambaye mama hakupata kumtaja jina.
Miaka thelathini na moja kimemenya machungwa ya Muheza
pale Barabara ya Nane, Ngamiani,
ganda likishuka utepe mmoja, halikatiki,
mpaka ndani ya ndoo.

Mama kaondoka. Kisu kikamwangukia Mwanashuru,
binti yangu, wa shoto.

Siku ya kwanza alirudi na machungwa kumi na manne
yaliyokataliwa na wateja.
"Yanavuja, baba. Kisu kinazama."
Nikamjibu nilivyojibiwa mimi utotoni kwa mengine yote:
tumia mkono wa kulia, mwanangu.
"Wa kulia chakula," akasema, "au wa kulia machozi?"

Kisha akanitia kisu mkono wa kushoto,
chungwa wa kulia, akasimama kunitazama.
Sikumaliza hata mzunguko mmoja.
Kilijichimbia nyamani kama panya,
maji yakanitambaa hadi kiwikoni.
Nikakipeleka mlangoni penye mwanga:
upande huu bapa, kama mlango wa kabati;
upande ule mteremko, umelika, unang'aa.
Mama alinoa upande mmoja tu, maisha yake yote.
Kumbe kisu nacho kina mkono wake
na hatukuwahi kukiuliza.

Kilua wa Makorora ana mashine ya kusaga chuma,
dakika tano, elfu mbili.
Lakini nimeshaona kazi za Kilua:
cheche nyingi, halafu ncha inageuka rangi
ya shingo ya njiwa, buluu na zambarau,
na chuma kilichopata rangi hiyo
hakikati tena hata siagi.
Nikaazima tupa. Nikalaza kisu kwenye kipande cha mkonge,
nikakifunga kwa mpira wa baiskeli,
nikaketi kibarazani, beseni la maji pembeni.

Usiku wa kwanza niliondoa alichokifanya mama.
Sijui kulisema vingine.
Kila mpapaso wa tupa ulitoa vumbi jeusi,
nikalipangusa kwa kidole, nikalitazama,
nikaosha kidole.
Usiku wa pili nikaanza mteremko mpya upande wa pili.
Karibu na mpini mkono uliniponyoka,
pakabaki pengo dogo, kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Lipo mpaka leo. Sikulifukuzia;
ningelifukuzia, kisu kingekwisha.

Usiku wa tatu, msasa, halafu kinoo,
halafu mkanda wangu wa suruali.
Mpini ulikuwa unacheza: nikang'oa misumari yenye kutu,
nikapitisha waya wa shaba wa feni iliyoungua,
nikagonga vichwa vyake taratibu majirani wasije wakaamka.
Mkwaju ule una bonde, ubavuni,
alipokuwa akiweka dole gumba.
Nilikuwa na msasa mkononi. Niliuweka chini.
Nikachonga bonde jingine, ubavu wa pili,
nikaupaka mpini mafuta ya nazi, nikalala.

Asubuhi Mwanashuru hakunishukuru.
Alikishika, akakaa kimya, akasogeza vidole,
kidole chake cha shahada kikaingia bondeni kwa bibi yake
kama mtu anayejua njia ya chooni gizani.
Chungwa la kwanza: utepe.
La pili: utepe, mrefu, unaning'inia, unacheza.
Jioni ndoo ilijaa maganda
na mfuko wa kanga ulikuwa mzito kwa sarafu.

Jana nilikichukua nijimenyee embe.
Mkono wangu wa kulia, uliozoea kusifiwa,
ukazama hadi kokwani.
Mwanashuru alicheka mpaka akashika ukuta.
"Tumia mkono wa kushoto, baba,"
akanipa kitambaa,
na embe akalimaliza yeye.